Esansi ya Makaa na Mlima wa Mushaki

Barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi-kati haimpi mtu nafasi ya kujiandaa. Unaliacha Ziwa Kivu chini, kwenye mita 1,460 hivi, unapita soko la Sake, na papo hapo mlima unaanza. Fuso zilizobeba maharagwe na mbao, na watu waliokaa juu ya maharagwe na mbao, zinashuka gia moja baada ya nyingine. Kwenye kona za juu, kabla malisho ya Mushaki hayajafunguka na ng'ombe wake, dereva huwa hasikii tena mazungumzo ya abiria. Anasikiliza injini.

Mimi nilifundishwa kusikiliza injini na motari mmoja kwenye mlima huo. Tulikuwa tumenunua esansi ya chupa kando ya njia, kwa wachuuzi tunaowaita Kadhafi, maana vituo vilikuwa vimekauka. Tulipofika katikati ya mlima pikipiki ikaanza kutoa sauti kavu, chuma kikigonga chuma, kama mtu anayepiga sufuria kutoka ndani. Motari akaachia mafuta, mwendo ukapungua, sauti ikanyamaza. Akakaza tena, ikarudi. “Esansi hii wameichanganya, kaka,” akaniambia. “Nikiilazimisha itatoboa pistoni. Twende hivi hivi, tutafika.”

Miaka mingi baadaye, nikisoma habari za ndege za kivita za Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, nilikutana na onyo lile lile. Safari hii lilitoka kwa wahandisi wa Daimler-Benz, watu wenye maabara na vipimo vya kila aina, wakimwambia rubani: usiilazimishe. Motari wangu aliweza kupunguza mwendo na bado tukafika. Rubani alikuwa na adui mgongoni.

Injini ya esansi huishi kwa kupumua. Inavuta hewa, inaichanganya na mafuta, inaibana, buji inatoa cheche, moto unasukuma pistoni. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, injini inapata pumzi ndogo, na nguvu zake zinapungua. Kila dereva wa Masisi anajua hilo kwa mguu wake wa kulia. Ndege ya kivita hupanda hadi mita 6,000, 8,000, hata zaidi. Huko juu injini isiyosaidiwa ingebaki na nusu ya nguvu zake au chini ya hapo. Ndiyo maana injini hizo zilifungwa kompresa, feni yenye nguvu inayoishindilia hewa ndani ya silinda, jamaa ya turbo ambayo madereva wetu wanaifahamu. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, na mchanganyiko wenye joto na presha kubwa huweza kulipuka wenyewe, kabla moto wa buji haujaufikia. Mlipuko huo wa ghafla ndio ile sauti ya sufuria. Ukiendelea dakika chache katika injini kubwa, pistoni huyeyuka.

Kwa hiyo mpaka wa nguvu za injini haukuchorwa na chuma peke yake. Ulichorwa na kiasi ambacho mafuta yenyewe yalivumilia kubanwa. Uvumilivu huo hupimwa kwa okteni, mizani iliyopatikana katika miaka ya 1920. Njia rahisi ya kuipandisha iligunduliwa Marekani mwezi Desemba 1921, pale Thomas Midgley na wenzake walipoona kwamba matone machache ya risasi ya tetraethili, sumu kali, yanaizuia esansi kugonga.

Ujerumani iliingia katika habari hii ikiwa na jeraha la zamani, na jeraha hilo lilifika hadi huku kwetu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa ng'ambo ya Ziwa Kivu, Kisenyi, na mwezi Septemba 1914 waliteka kisiwa cha Idjwi. Bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza, meli za mizigo hazikufika, na koloni lao la Afrika Mashariki likabaki kujitafutia. Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi yao huku, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba magari yao machache yaliendeshwa kwa mafuta mbadala yaliyotengenezwa huku huku, waliyoyaita Trebol. Sisi hatushangai. Mushaki ikipiganiwa, kama ilivyokuwa Desemba 2007 na tena Februari 2023, barabara hufungwa, na esansi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuadimika na vya kwanza kuchanganywa. Njia ikizibwa, ubora wa mafuta nao huporomoka.

Nchi yenyewe ya Ujerumani ilikuwa karibu haina visima vya mafuta. Ilichokuwa nacho tele ni makaa ya mawe, hasa makaa ya kahawia. Mwaka 1913 mkemia Friedrich Bergius alikuwa ameshasajili njia ya kuyageuza makaa kuwa mafuta: unayasaga, unayachanganya na mafuta mazito, unayapa haidrojeni katika presha iliyo zaidi ya mara 200 ya hewa tunayovuta na joto la karibu sentigredi 450. Kampuni ya kemikali ya IG Farben ilianza kuifanya kazi hiyo kiwandani Leuna mwaka 1927. Bergius na Carl Bosch, mkuu wa IG Farben, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Mwezi Desemba 1933, Hitler akiwa hajamaliza mwaka madarakani, serikali yake ilitia saini mkataba wa kuihakikishia Leuna bei na soko. Kuanzia hapo ndege za Ujerumani zilikuwa zinatengenezewa chakula kutoka ardhini mwao wenyewe, na kila mhandisi wa injini alijua ni chakula gani.

Esansi ya kawaida ya ndege iliitwa B4. Okteni yake ilikuwa 87, na hata hiyo ilipatikana kwa kutiwa risasi. Ilitiwa rangi ya buluu ili fundi asikosee, na ubavuni mwa ndege kulikuwa na pembetatu ya manjano yenye namba 87. Dawa ya risasi yenyewe Ujerumani iliipata kwa ujuzi wa Wamarekani. Mwaka 1938, vita vikinukia, viwanda vyao vikiwa bado havijatosheleza mahitaji, IG Farben ilipanga kupata tani 500 kutoka kampuni ya Ethyl. Jambo hilo lilikuja kusomwa mahakamani Nuremberg baada ya vita.

Kwa esansi ya okteni 87 huwezi kushindilia hewa nyingi. Daimler-Benz wakatafuta nguvu kwa njia nyingine: ukubwa. Injini yao DB 601, iliyobeba Messerschmitt Bf 109 mwaka 1940, ilikuwa na ujazo wa lita 33.9. Mpinzani wake, Rolls-Royce Merlin ya ndege ya Spitfire, alikuwa na lita 27 tu. Zote zilitoa nguvu za farasi zinazokaribiana, kiasi cha 1,000 na kidogo zaidi. Wajerumani pia walipuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu, kazi ya ufundi wa hali ya juu, ambayo ilimwezesha rubani kuiinamisha ndege ghafla bila injini kukatika pumzi, jambo ambalo Merlin ya wakati huo ilishindwa.

Halafu, katika miezi ya kwanza ya mwaka 1940, Waingereza wakabadilisha esansi. Vikosi vya Spitfire na Hurricane vilianza kupokea mafuta ya okteni 100, mengi yakija kwa meli. Nyuma yake kulikuwa na kazi ya miaka mingi. Huko Marekani rubani Jimmy Doolittle, aliyekuwa akifanya kazi Shell, aliisukuma kampuni hiyo iyatengeneze mafuta ambayo bado hayakuwa na wanunuzi wa kutosha. Injini ya Merlin haikuongezewa hata lita moja. Fundi alirekebisha tu kidhibiti cha presha, na injini iliyokuwa na nguvu za farasi 1,000 na kidogo ikaweza kutoa zaidi ya 1,300 kwenye mwinuko wa chini, kwa dakika chache za hatari. Nimeutafakari mfano huo mara nyingi. Pikipiki ileile, motari yuleyule, mlima uleule wa Sake, lakini kwenye chupa kuna kitu kingine.

Wajerumani walilijua hilo na walikuwa na jibu, ila lilikuwa dogo kwa kiasi. Jibu lenyewe liliitwa C3, esansi ya rangi ya kijani, iliyotajirishwa kwa kemikali za jamii ya benzini ambazo makaa huzitoa kwa wingi. Mwaka 1940 injini ya DB 601N ilitengenezwa kwa ajili yake, ikibana mchanganyiko zaidi kuliko ile ya B4. Wachache waliipata, Adolf Galland, mmoja wa marubani mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa miongoni mwao. Wengine wote walibaki na buluu.

Hapa kuna uamuzi ambao ulitawala vita vyote vya angani vilivyofuata. C3 haikutosha kila mtu, kwa hiyo ilibidi ichaguliwe nani ataipata. Focke-Wulf Fw 190, ndege iliyowashtua Waingereza ilipotokea mwaka 1941, ilipewa injini ya BMW 801, yenye silinda 14 zilizopangwa duara na kupozwa kwa hewa. Toleo la kwanza liliridhika na B4. Toleo la D, lililokuja mwaka 1942, lilidai C3. Siku ya tarehe 23 Juni 1942 rubani Armin Faber alipotea njia baada ya mapigano, akadhani amerudi Ufaransa, akatua na Fw 190 yake nzima kabisa katika uwanja wa Pembrey, Wales. Waingereza waliipima sana ndege hiyo, wakakuta kwamba katika viwango vingi vya mwinuko ilikuwa inaishinda Spitfire waliyokuwa nayo. Injini nzuri ikipewa esansi nzuri, Wajerumani hawakuwa nyuma ya yeyote.

Lakini Bf 109 ndiyo iliyokuwa nyingi, na nyingi kati yake zilinyweshwa B4. Injini yake mpya, DB 605, iliongezwa ujazo hadi lita 35.7 na kuandikiwa nguvu za farasi 1,475. Ilipofika kwa vikosi mwaka 1942, nguvu hizo zilikuwa kwenye karatasi. Pistoni ziliungua, beringi zilikwama, vali zilipasuka. Amri ikatoka kwamba presha ya juu kabisa isitumike, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1943 ulipokuwa umesogea sana. Kwa zaidi ya mwaka mzima rubani wa Bf 109 G aliruka na injini iliyofungwa kamba mguuni.

Kwa nini vali? Swali hilo linaturudisha Kongo.

Risasi iliyomo katika esansi haiondoki bure. Ikiungua huacha mabaki yanayokula chuma cha vali za kutolea moshi, ambazo tayari zimewaka nyekundu kwa joto. Ili vali ivumilie, lazima iwe na nikeli ya kutosha, au ifunikwe kwa aloi za nikeli, kromu na kobalti, kama walivyofanya Waingereza na Wamarekani. Ujerumani ilikuwa na njaa ya madini hayo. Viwanda viliagizwa kupunguza nikeli ndani ya vali, na vali zikalipa.

Kobalti nyingi ya dunia wakati huo ilitoka Katanga. Mwezi Mei 1940 Hitler aliivamia Ubelgiji na kuiteka ndani ya siku 18, lakini Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliibakiza Kongo upande wa Uingereza. Kobalti ya Katanga haikuenda Berlin. Japani ilipoiteka Malaya mwanzoni mwa 1942, bati la Kongo nalo likawa tegemeo la Washirika. Lilichimbwa Maniema na Kivu, likiwa kasiteriti, jiwe lile lile jeusi ambalo Walikale inalijua leo kwa furaha kidogo na machozi mengi. Bati huingia katika solda, katika makopo, na katika metali za beringi.

Sitaki msomaji apite hapo haraka. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, waligoma kudai mshahara, wakapigwa risasi katika uwanja wa mpira. Vitabu vya injini vina majedwali ya presha na nguvu za farasi kwa kila mita ya mwinuko, na watu hao hawamo, ingawa mikono yao ilikuwa ndani ya kila vali iliyodumu.

Upande wa Wajerumani njia iliyopatikana ilikuwa maji. Wazo ni rahisi na ninalipenda kwa urahisi wake: kama tatizo ni joto la hewa iliyoshindiliwa, ipoze. Walichanganya nusu maji na nusu methanoli, wakatia mafuta kidogo ya kuzuia kutu, wakakiita kitu hicho MW 50. Methanoli iliyazuia maji kuganda kwenye baridi ya juu. Rubani aliposukuma mpini hadi mwisho, mchanganyiko ulinyunyizwa kwenye mdomo wa kompresa, hewa ikapoa, na B4 ileile ya buluu ikavumilia presha ambayo peke yake ingeifanya igonge hadi kufa. DB 605 ikaruka kutoka farasi 1,475 hadi 1,800. Ruhusa ilikuwa dakika 10 kwa mfululizo, na buji ziliungua upesi. Ndege zenye mfumo huo zilianza kufika kwa wingi mwaka 1944. Mwishoni kabisa, toleo lililotumia C3 pamoja na MW 50 liliandikiwa farasi 2,000, karibu mara mbili ya Bf 109 ya mwaka 1940.

Methanoli nayo ilikuwa na mahali ilikotoka. Sehemu yake ilitoka Monowitz, kiwanda ambacho IG Farben ilikijenga kando ya kambi ya Auschwitz. Mpira uliokusudiwa kutengenezwa pale haukutoka kamwe. Methanoli ilitoka, kuanzia mwishoni mwa 1943. Maelfu ya wafungwa, wengi wao Wayahudi, walikufa kwa njaa, kipigo na kazi, au walirudishwa kwenye vyumba vya gesi walipochoka. Mkemia Primo Levi alikuwa mfungwa huko mwaka 1944, na alinusurika kuandika. Kila ninapoona jedwali linalosifu zile farasi 300 za ziada, nakumbuka moshi wa mahali hapo.

Kisha ikaja tarehe 12 Mei 1944. Mamia ya ndege za mabomu za Wamarekani zilipita juu ya Ujerumani ya kati mchana kweupe na kuvipiga viwanda vya esansi: Leuna, Böhlen, Zeitz, Lützkendorf, na Brüx katika nchi ya Wacheki. Albert Speer, waziri wa silaha, aliandika baadaye kwamba siku hiyo vita vya kiufundi viliamuliwa. Leuna ilipigwa, ikakarabatiwa, ikapigwa tena; hadi mwisho ilishambuliwa mara 22. Uchunguzi wa Wamarekani baada ya vita uliweka hesabu hivi: viwanda vya makaa vilitoa tani 175,000 za esansi ya ndege mwezi Aprili 1944, tani 30,000 mwezi Julai, na tani 5,000 mwezi Septemba. Mwishoni mwa Agosti visima vya Ploiești, Romania, navyo vilikuwa vimeangukia mikononi mwa Warusi.

Kuanzia hapo swali la ubora lilimezwa na swali la kuwepo. Hata hivyo uhaba uliuma ubora kwa njia ambayo fundi yeyote wa Goma ataielewa mara moja. Injini mpya inahitaji kuzoeshwa: iendeshwe polepole kwa saa kadhaa ili vyuma vipatane. Viwanda vya Ujerumani vilizizoesha injini kwa saa mbili kabla ya kuzitoa. Esansi ilipokauka muda huo ukakatwa hadi nusu saa. Injini zikatoka zikiwa mbichi, zikafungwa kwenye ndege za vijana ambao nao walikuwa wabichi, kwa kuwa shule za urubani zilikosa mafuta na mwanafunzi wa Kijerumani akapelekwa vitani akiwa na chini ya nusu ya saa za mwenzake wa Uingereza au Marekani. Wenzao, wakati huo, walikuwa wamefika kwenye esansi ya daraja la 100/150. Viwanja vya ndege vya Ujerumani vilikuwa na mamia ya Bf 109 na Fw 190 mpya kabisa, zimefunikwa matawi ya miti, matangi yakiwa matupu.

Ndege moja ilikuwa imejinasua kutoka katika mtego wa okteni. Messerschmitt Me 262 ilisukumwa na jeti mbili za Junkers Jumo 004, na jeti haigongi, kwa sababu moto wake hauwashwi na kuzimwa kama wa silinda. Unawaka mfululizo kama jiko. Ilikunywa J2, mafuta yaliyokaribiana na mazutu, rahisi kutengeneza kuliko B4. Mtu angesema hatimaye wametoka. Lakini jeti inataka vyuma vinavyovumilia joto kwa saa nyingi, na vyuma hivyo vinataka nikeli na kobalti, na hapo tunarudi Katanga. Jumo 004 ilitengenezwa karibu bila madini hayo. Ilidumu saa 10 hadi 25, kisha ikatolewa.

Na hata J2 haikuruhusiwa kuchezewa. Jeti ikiwa chini hunywa mafuta mengi bure, kwa hiyo Me 262 haikutakiwa kujiendesha yenyewe kutoka maficho yake hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Ilivutwa. Pale ambapo hapakuwa na gari, au gari halikuwa na mafuta, walitumia farasi, na walitumia ng'ombe. Ndege iliyokuwa miongoni mwa zenye kasi kuliko zote duniani, zaidi ya kilomita 850 kwa saa, ilikwenda kwenye vita vyake kwa mwendo wa ng'ombe, mchungaji akiwa mbele na kamba mkononi.

Picha hiyo hunijia ninapopita Mushaki asubuhi, ukungu ukiwa bado haujanyanyuka, ng'ombe wakiwa wametapakaa pande zote mbili za barabara. Chukudu, baiskeli yetu ya mbao, inateremka kuelekea Sake na mzigo wake wa viazi, bila tone la esansi. Fuso inapanda kwa gia ya kwanza, na dereva ameinamisha kichwa, anasikiliza.